Majina Yaliyotangulia Ushahidi: Bonde la Indus katika Vitabu vya Wachimbuzi

Miongoni mwa vitabu vilivyotungwa juu ya miji ya kale ya bonde la mto Indus, viwili ndivyo vilivyoongoza mawazo ya wasomaji kwa muda mrefu kuliko vingine. Cha kwanza ni Mohenjo-daro and the Indus Civilization, kitabu cha majalada matatu kilichohaririwa na John Marshall na kutolewa mwaka 1931. Cha pili ni The Indus Civilization cha Mortimer Wheeler, kilichotolewa mwaka 1953, kisha kikatengenezwa upya na kutolewa tena mwaka 1960 na mwaka 1968. Vyote viwili ni vitabu vya sifa. Marshall aliufunulia ulimwengu habari zisizojulikana kabla yake. Wheeler alizipanga habari hizo kwa ufupi na kwa lugha ya kuvutia, hata msomaji asiye mtaalamu akaweza kuuona mji, njia zake na watu wake. Lakini vitabu vyenye sifa ndivyo vistahilivyo kuchunguzwa zaidi, maana makosa yao husafiri mbali pamoja na sifa zao. Jambo linalochunguzwa hapa ni moja tu, nalo ni la lugha zaidi kuliko la jembe na sururu: majina ambayo wachimbuzi waliyapa majengo na vitu walivyovifukua, na jinsi majina hayo yalivyogeuka kuwa ushahidi.

Kwanza yafaa kueleza habari zenyewe. Magofu ya Harappa, katika nchi ya Punjab, yalijulikana tangu karne ya 19. Alexander Cunningham alichapisha picha ya muhuri mmoja uliotoka huko katika miaka ya 1870, na kabla ya hapo wajenzi wa reli ya Lahore na Multan walikwisha kuchukua shehena kubwa za matofali ya mji huo ili kuyatandika chini ya njia ya reli. Walakini hapana aliyetambua umri wake mpaka Daya Ram Sahni alipochimba Harappa mwaka 1921, na R. D. Banerji alipochimba Mohenjo-daro, katika Sindh, mwaka 1922. Marshall alizitangaza habari hizo mwezi Septemba 1924. Leo yajulikana kwamba miji hiyo ilikuwa katika ukamilifu wake tangu mwaka 2600 hata mwaka 1900 K.K. hivi, na kwamba watu wenye maisha ya namna hiyo walienea toka Baluchistan hata Gujarat, na toka pwani ya bahari hata mashariki ya Delhi ya leo. Walijenga kwa matofali ya kipimo kimoja, ambayo upana wake ni mara mbili ya kimo chake, na urefu wake mara nne. Nyumba nyingi za Mohenjo-daro zilikuwa na mahali pa kuogea, na mfereji wa kutolea maji machafu mpaka njiani. Visima vya mji huo vyakisiwa kuwa 700 au zaidi. Walilima ngano na shayiri, walifuga ng'ombe, na walifuma pamba. Nyuzi za pamba zilionekana Mohenjo-daro zikiwa zimegandamana na chombo cha fedha.

Mambo hayo yathibitika kwa vitu vyenyewe. Lakini maandishi ya watu hao hayajasomwa, na kwa sababu hiyo hapana jina hata moja, la mtu, la mji, la mungu wala la jengo, ambalo limewafikia wasomaji wa leo kutoka katika magofu hayo. Hata Mohenjo-daro ni jina la Kisindhi, ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa maana yake ni Kilima cha Wafu, nalo lilitolewa na watu waliokuta magofu tayari. Mji ule ulikuwa na jina lake siku zile ulipokuwa na maelfu ya wakazi, na jina hilo limepotea. Basi kila jina lipatikanalo katika vitabu limetoka katika kinywa cha mgeni, na kila mgeni huita kitu kwa kukilinganisha na vitu vya kwao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa ghala. Katika kilima cha magharibi cha Mohenjo-daro, karibu na hodhi kubwa la matofali, kuna msingi wa jengo wenye vitalu 27 vya matofali vilivyotenganishwa na vijia vyembamba. Wachimbuzi wa siku za Marshall walipoona sehemu yake walidhani ni hamamu, na vijia vile wakavifikiri kuwa njia za kupitishia hewa ya moto. Wheeler alichimba hapo mwaka 1950, akasema kwamba sivyo: hilo lilikuwa ghala la nafaka, na vijia vilikuwa vya kupitishia upepo ili nafaka isiote ukungu. Huko Harappa nako kulikuwa na jengo la vyumba kumi na viwili, sita kila upande, lililofukuliwa na M. S. Vats, nalo likaitwa ghala. Karibu yake kulikuwa na majukwaa ya mviringo ya matofali, nayo yakasemwa kuwa mahali pa kutwangia nafaka. Na vyumba vidogo vya jirani vikasemwa kuwa makao ya vibarua waliotwanga.

Msomaji na aangalie jinsi hoja inavyojengwa. Jengo likiisha kuitwa ghala, yampasa mtu kuuliza ni nani mwenye ghala. Na kwa kuwa jengo ni kubwa, jibu ni dola. Dola ikiisha kupatikana, nafaka iliyomo yawa kodi, na ghala lawa hazina ya serikali. Kisha watwangaji wawa watumwa au nusu watumwa, na juu yao wote lazima awepo mtawala. Hivyo kutoka katika neno moja hutokea utaratibu mzima wa utawala. Lakini katika jengo la Mohenjo-daro hapakuonekana nafaka iliyohifadhiwa, wala mitungi ya akiba, wala lakiri za udongo zenye alama za mihuri kama zile ambazo watunza ghala wa nchi nyingine za kale waliziacha nyuma yao. Marcia Fentress aliyapima majengo yote mawili katika makala aliyoitoa mwaka 1984, akaonyesha kwamba yale ya Mohenjo-daro na Harappa hayafanani kwa ujenzi wala kwa mahali yalipo, na kwamba jina lilitangulia ushahidi. Baadaye Jonathan Mark Kenoyer na Richard Meadow walipochimba tena majukwaa ya Harappa, waliona kwamba yalikuwa ndani ya vyumba, wala hawakupata alama za kutosha za kuonyesha kwamba nafaka ilitwangwa hapo. Jengo lingali jengo kubwa, na huenda lilikuwa ghala la bidhaa, au ukumbi wa mikutano, au kitu kingine. Lililoanguka ni utaratibu wa utawala uliojengwa juu ya jina lake.

Jina la pili ni ngome. Wheeler alikuwa askari wa mizinga katika vita vyote viwili vikuu, na kabla ya kwenda Bara Hindi, ambako alikuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale tangu 1944 hata 1948, alikwisha kuchimba maboma ya kale ya Uingereza. Mtu kama huyo akiona ukuta huona ulinzi. Mwaka 1946 alipochimba Harappa alikuta ukuta mkubwa wa matofali mabichi ukizunguka kilima cha magharibi, naye akakiita ngome. Kisha akalitumia jina hilohilo kwa kilima cha Mohenjo-daro. Neno hilo lina maana ya wazi: ngome huwa na mkuu wake, na mkuu huutawala mji ulio chini. Lakini uchimbuzi uliofanywa Harappa tangu mwaka 1986 ulionyesha kwamba vilima vingine vya mji huo navyo vilikuwa na kuta zake na malango yake. Ikiwa kila mtaa una ukuta, basi ukuta hauonyeshi tena ni mtaa gani uliotawala mwingine. Zaidi ya hayo, kuta hizo na majukwaa yaliyo chini ya majengo yangeweza kuwa kinga ya mafuriko, maana watu wa bonde hilo walikuwa na adui aliyerudi kila mwaka, naye ni mto.

Jina la tatu linahusu kisanamu cha jiwe la sabuni chenye kimo cha sentimeta 17 na nusu, kilichovunjika chini ya kifua. Ni mwanamume mwenye ndevu zilizotengenezwa, macho yaliyofumbwa nusu, utepe kichwani, na vazi lililopambwa maua ya majani matatu. Marshall na wenziwe walifikiri huenda ni kuhani. Baadaye akaitwa Kuhani-Mfalme, na jina hilo likashika hata kufikia picha za vitabu vya shule. Cheo hicho kilitoka Mesopotamia, ambako watawala wa miji ya kwanza walidhaniwa kuwa makuhani pia. Lakini Mesopotamia ilikuwa na mahekalu makubwa, majumba ya wafalme, makaburi yenye dhahabu, na maandishi yenye majina ya watawala. Katika bonde la Indus hapajaonekana jumba ambalo wote wamekubaliana kuwa la mfalme, wala kaburi la mfalme, wala nguzo yenye picha ya mfalme akiwakanyaga adui zake. Kisanamu kimoja cha kushikika kwa mkono mmoja kimepewa kazi ya kujaza nafasi ya vitu vyote hivyo.

Jina la nne ndilo lililoleta madhara zaidi. Huko Mohenjo-daro ilionekana mifupa ya watu wapatao 37 ambao hawakuzikwa kwa kawaida. Wheeler akaandika mwaka 1947 kwamba hao waliuawa katika mauaji ya siku ya mwisho ya mji, na aliyeshtakiwa ni Indra, mungu wa vita wa Rigveda, yaani Waarya walioingia kutoka kaskazini-magharibi. Hapa ndipo majina yanapotegemeana. Indra huitwa katika nyimbo hizo kwa sifa ya mvunja-ngome. Na Wheeler alikuwa amekwisha kukipa kilima jina la ngome mwaka uleule alipoukuta ukuta wake. Basi mvunja-ngome akapata ngome ya kuvunja. George Dales alizichungua habari za mifupa hiyo mwaka 1964, akaonyesha kwamba haikuwa ya siku moja wala ya tabaka moja la udongo, na kwamba hapakuwa hata mtu mmoja aliyeonekana amekufa juu ya kile kilima kilichoitwa ngome, mahali ambapo walinzi wangepaswa kuanguka. Kenneth Kennedy naye aliipima mifupa yenyewe, na mwaka 1984 akaeleza kwamba ni michache mno iliyokuwa na majeraha ya kuweza kuua. Walakini habari ya mauaji ilikwisha kuingia vitabuni, na katika Bara Hindi ikawa silaha ya watu waliotaka kubishana ni nani mwenyeji na ni nani mgeni. Mabishano hayo hayajakoma.

Haitakuwa haki kusema kwamba Wheeler alikosea katika yote. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba matabaka ya udongo yasomwe kwa utaratibu, na ndiye aliyeuliza swali ambalo Marshall hakulitilia nguvu ya kutosha: mji mkubwa kama huu ulilishwa vipi? Swali hilo lilikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa kulijibu kwa jina. Tena aliandika vizuri mno, na sifa ya maandishi mazuri ni kwamba dhana hukaa ndani yake kwa raha, kama mwenyeji, hata msomaji asiulize ilifika lini.

Ili kuona tofauti kati ya habari inayotegemea jina na ile inayosimama yenyewe, yafaa kuyatazama mambo ya biashara. Katika miji yote, mikubwa kwa midogo, yameonekana mawe ya mizani yaliyochongwa kwa gumegume katika umbo la mchemraba. A. S. Hemmy aliyapima kwa ajili ya kitabu cha Marshall. Uzani mdogo huongezeka maradufu: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne; na ulio mwingi kuliko wote ni ule wa kumi na sita, ambao hukaribia gramu 13.7. Kipimo hicho kilikuwa kimoja toka Punjab hata Gujarat kwa muda wa mamia ya miaka. Kinyume cha ghala, jiwe la mizani halihitaji jina kutoka kwa mchimbuzi. Mtu akiliweka katika mizani litamwambia lenyewe kazi yake. Nalo linasema jambo kubwa: kwamba watu waliokaa mbalimbali waliaminiana, au walilazimishwa kuaminiana, katika kupima. Ni nani aliyewalazimisha, jiwe halisemi. Na mwandishi mwangalifu ataishia hapo linapoishia jiwe.

Kadhalika shanga za akiki. Mafundi wa Gujarat na Sindh walilichoma jiwe hilo polepole hata likawa jekundu, wakalichonga, kisha wakalitoboa kwa kekee ya jiwe gumu sana. Ushanga mrefu mmoja ulihitaji siku kadhaa za kutoboa peke yake, na kosa dogo liliweza kuuvunja. Shanga hizo ndefu zilionekana katika makaburi ya kifalme ya Ur, yaliyochimbwa na Leonard Woolley. C. J. Gadd alieleza mwaka 1932 juu ya mihuri ya namna ya Indus iliyopatikana huko Ur. Katika pwani ya Omani, huko Ras al-Jinz, yamepatikana mabaki ya mitungi ya Indus, na mapande ya lami yenye alama za matete na kamba za vyombo vya baharini vya zamani hizo. Na mawe ya mizani ya kipimo cha Indus yamepatikana Bahrain. Kaskazini nako, karibu na mto Oxus katika Afghanistan, palikuwa na kijiji cha watu wa Indus mahali paitwapo Shortugai, si mbali na machimbo ya jiwe la buluu la lapis lazuli.

Upande wa pili wa bahari kulikuwa na watu walioandika, na maandishi yao yasomeka. Sargon wa Akkad, aliyetawala katika karne ya 24 na ya 23 K.K., alijisifu kwamba vyombo vya Meluhha, vya Magan na vya Dilmun vilifungwa katika gati la mji wake. Gudea wa Lagash alitaja mbao na akiki zilizotoka Meluhha kwa ajili ya hekalu alilolijenga. Dilmun ni Bahrain na nchi za jirani. Magan ni Omani na pwani iliyo karibu nayo. Meluhha, kwa maoni ya wataalamu wengi, ni nchi ya Indus. Hilo nalo ni jina lililowekwa juu ya mahali kwa kukisia. Lakini kukisia huku ni kwa namna nyingine. Orodha ya bidhaa za Meluhha, njia ya bahari iliyotajwa, shanga zilizofika Ur, mihuri na mizani iliyotawanyika njiani, kila kimoja kilipatikana mbali na kingine, na kwa watu mbalimbali, navyo vyote vyaelekea upande mmoja. Ngome, ghala na kuhani vilitegemeana vyenyewe kwa vyenyewe. Ushahidi wa Meluhha hautegemei ngome wala ghala.

Hata katika biashara, hata hivyo, majina yamefanya kazi yake. Huko Lothal, katika Gujarat, S. R. Rao alifukua katika miaka ya 1950 hodhi la matofali lenye urefu wa meta 214 hivi na upana wa meta 36, akaliita gudi la kuingizia vyombo vya baharini. Lawrence Leshnik alilipinga jina hilo mwaka 1968, akasema kwamba huenda lilikuwa birika la maji ya kunywa na ya kumwagilia mashamba. Wengine wamelitetea gudi kwa kutaja mlango wa maji na mawe yadhaniwayo kuwa nanga. Mabishano hayo ni ya haki, lakini yafaa ikumbukwe kwamba muhuri wa namna ya Ghuba uliopatikana Lothal, pamoja na shanga na mizani yake, vyatosha kuonyesha uhusiano na bahari. Hodhi likiwa birika, biashara haipungui. Likiwa gudi, haiongezeki sana. Wasomaji wengi walivutwa na jengo kubwa, wakayapita mawe madogo yenye ushahidi ulio imara zaidi.

Katika Makumbusho ya Louvre kuna muhuri wa Mesopotamia ambao wanafunzi wa lugha wanapaswa kuufikiri kuliko majengo yote. Mwenyewe aliitwa Shu-ilishu, na kazi yake imeandikwa juu yake: mkalimani wa lugha ya Meluhha. Huyu ni mtu aliyewasikia wafanyabiashara hao wakisema, akawaelewa, akayaeleza maneno yao kwa wenyeji wake. Hakuacha kamusi. Kwa upande wao, watu wa Indus waliacha vitu zaidi ya 4,000 vyenye maandishi, vingi vikiwa mihuri midogo ya jiwe la sabuni yenye picha ya mnyama, hasa yule wa pembe moja. Alama zake ni kama 400. Iravatham Mahadevan alihesabu 417 katika orodha yake ya mwaka 1977. Lakini maandishi ni mafupi mno, kwa wastani wa alama tano tu, na hayakupatikana pamoja na tafsiri ya lugha nyingine inayojulikana. Asko Parpola, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alitoa hoja kwamba lugha yake ilikuwa ya jamii ya Kidravidi, akaanzia katika alama ya samaki, maana katika lugha nyingi za jamii hiyo neno moja, au maneno mawili ya sauti moja, huwa na maana ya samaki na ya nyota. Mwaka 2004 Steve Farmer, Richard Sproat na Michael Witzel wakasema kwamba alama hizo si maandishi ya lugha yoyote. Hoja zote mbili zina wafuasi na wapinzani. Lililo hakika ni kwamba, mpaka alama hizo zisomwe, mwenye mji hana nafasi ya kumsahihisha mgeni aliyelipa jengo lake jina.

Waandishi wa miaka ya karibuni wamejitahidi kuyaondoa majina ya zamani. Adam S. Green alitoa mwaka 2020 makala iliyokusudia kumwondoa Kuhani-Mfalme mahali pake, akionyesha kwamba watu wengi wa miji hiyo waliweza kufanya kazi kubwa za pamoja bila tabaka la watawala linaloonekana katika vitu. Makala hiyo ina nguvu, lakini nayo yataka uangalifu. Baada ya kusemwa kwamba hapakuwa na mfalme wala mauaji, wengine wameharakisha kuuita mji wa amani na wa usawa. Na amani nayo ni jina. Gwen Robbins Schug na wenziwe waliichungua mifupa ya makaburi ya Harappa, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba baadhi ya watu, hasa katika nyakati za kuharibika kwa mji, walipata majeraha ya kupigwa, na kwamba hayakuwapata watu wote sawasawa. Kutokuwapo kwa jumba la mfalme si ushahidi wa furaha ya maskini.

Jambo hili lawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya tafsiri. Mwandishi wa Kiingereza aandikapo Priest-King huyaunganisha maneno mawili kwa kistari, asilazimike kusema lipi ni kubwa. Kiswahili hakimwachii nafasi hiyo: kuhani mfalme ni kuhani aliyepata ufalme, na mfalme kuhani ni mfalme aliye na ukuhani. Mfasiri hana budi kuchagua, na akichagua amekwisha kutoa habari ambayo hata Marshall hakuitoa. Tena neno kuhani humletea msomaji wa Biblia hekalu na sadaka, hali ndugu yake, kahini, humletea msomaji mwingine mpiga ramli. Na kisanamu hakina hekalu wala ramli. Granary nayo ikifasiriwa ghala tu, Kiswahili kimepunguza kosa, maana ghala huweza kuweka bidhaa yoyote; ikifasiriwa ghala la nafaka, kosa limerudi. Hodhi ni neno jema kwa lile birika kubwa la Mohenjo-daro, lenye urefu wa meta 12 hivi na upana wa meta 7, lililozibwa kwa lami, kwa kuwa neno hilo laeleza umbo bila kuamua kwamba watu waliingia humo kwa ibada. Hata neno ustaarabu, ambalo asili yake katika Kiarabu ni kufuata desturi za Waarabu, humtazama mtu wa kale kwa kipimo cha mwingine. Halina badala iliyozoeleka, lakini mwenye kulitumia na ajue uzito wake.

Kiswahili kina chombo kizuri cha kushikia shaka, nacho ni kirejeshi katika kitenzi: jengo liitwalo ghala, kilima kidhaniwacho kuwa ngome, mtu asemwaye kuwa kuhani. Kwa silabi moja au mbili, mwandishi huwakumbusha wasomaji kwamba jina si la mwenye kitu. Mara nyingi vitabu hutumia kirejeshi hicho katika ukurasa wa kwanza, kisha katika ukurasa wa pili liitwalo huanguka, na ghala hubaki peke yake. Anguko la neno hilo dogo ndilo lililogeuza dhana kuwa historia.

Sababu ya pili iko karibu zaidi. Wheeler alifika katika pwani ya Tanganyika mwaka 1955, akavutiwa sana na vigae vya vyombo vya Kichina vilivyotapakaa katika magofu yake. Huko Kilwa kuna jengo ambalo watu wameliita tangu zamani Husuni Kubwa, na husuni, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ngome. Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960 alionyesha kwamba lilikuwa jumba la sultani la karne ya 14, lenye nyua za biashara na hodhi la kuogea la pembe nane. Jina lilisema vita. Jengo lilisema makao na biashara. Hapo uchimbuzi ulilisahihisha jina. Lakini katika pwani hiyohiyo miji ya mawe iliitwa kwa muda mrefu miji ya Waarabu au ya Washirazi, kana kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu, mpaka uchimbuzi uliofanywa Shanga na kwingineko katika miaka ya 1980 ulipoonyesha jinsi miji hiyo ilivyokua kutoka katika vijiji vya wenyeji wenyewe. Watu wa pwani walikuwa na lugha iliyo hai, mashairi na hati za kujitetea, na bado iliwachukua miaka mingi. Watu wa Indus hawana mtetezi isipokuwa mawe yao ya mizani, shanga zao, na muhuri wa mkalimani mmoja.

Kwa hiyo vitabu vya Marshall na Wheeler na viendelee kusomwa, kwa kuwa hapana vilivyochukua nafasi yao katika kueleza jinsi miji hiyo ilivyopatikana. Lakini vinapofasiriwa au kufupishwa kwa ajili ya shule, kilima na kiitwe kilima cha magharibi, jengo na liitwe jengo la vitalu 27, kisanamu na kiitwe mwanamume mwenye utepe kichwani. Na yale yaliyothibitika katika mizani, katika shanga na katika mihuri yapewe kurasa nyingi kuliko yale yaliyothibitika katika majina tu. Mwanafunzi atakayesoma hivyo hataona mfalme, wala ghala, wala mauaji. Ataona fundi akitoboa akiki kwa siku nyingi, mpimaji akiweka jiwe la kumi na sita katika mizani, na mkalimani gatini akiwasikiliza wageni ambao maneno yao hayajasikiwa tena.